Kwa anayeanza kupima msukumo wa shafti ya rafadha

Kabla hujashika msasa wala gundi, piga hesabu ya kitu unachokwenda kupima: msukumo, yaani nguvu ambayo rafadha (panga la kusukumia meli) huifinya nayo shafti yake kwa urefu. Chukua shafti ya chuma isiyo na tundu katikati, yenye kipenyo cha milimita 400, inayobeba msukumo wa kilonyutoni 600. Kwa moduli ya Young (kipimo cha ugumu wa chuma dhidi ya kuvutwa au kufinywa) ya gigapaskali 206, kila mita moja ya shafti hiyo inafupika mikromita 23 tu. Sasa angalia msokoto, yaani injini inavyoisokota shafti. Injini ikitoa megawati 6 kwa mizunguko 120 kwa dakika, geji (kibandiko chembamba ambacho ukinzani wake wa umeme hubadilika kikivutwa au kufinywa) iliyobandikwa kwa digrii 45 itasoma kama mikromita 230 kwa mita, yaani mara kumi zaidi. Na shafti ikipanda nyuzijoto 2 za Selsiasi, inarefuka karibu sawasawa na msukumo wote ulivyoifupisha. Kwa hiyo usidhani ukishajua kupima msokoto, msukumo utakuja wenyewe.

Kazi hii ina faida kubwa. Nguvu ikiongezeka kwa kasi ileile ya meli, msokoto peke yake haukuambii kama tumbo la meli limeota magugu au rafadha ndiyo imechafuka. Ukiwa na msukumo unaweza kuzitenganisha sababu hizo mbili.

Joto linadhibitika kwa mpangilio wa geji. Tumia geji nne kwenye daraja la Wheatstone, yaani sakiti ya vikinzani vinne inayoonyesha tofauti ndogo kati yao: mbili zifuate urefu wa shafti, mbili ziukatishe, kila geji ikitazamana na mwenzake wa jozi yake aliye upande wa pili wa shafti. Joto huzigusa zote nne kwa usawa, likajifuta. Kupinda kwa shafti kwa uzito wake nako hujifuta, maana upande mmoja unavutwa wakati wa pili unafinywa. Geji za kukatisha zinasaidia pia kukuza kipimo, kwa sababu chuma kikifinywa kwa urefu hutanuka kwa upana kwa uwiano wa karibu 0.3, hivyo daraja zima hutoa mara 2.6 ya geji moja. Hata hivyo unapata kama milivolti 0.03 kwa kila volti unayolisha, kwa hiyo kikuzaji na betri viwe tulivu, na nyaya zifungwe zisitikisike.

Pembe ndiyo inayoharibu kazi nyingi. Jozi zote mbili zikibandikwa zimepinda digrii moja upande uleule, msokoto utaingia kwenye kipimo cha msukumo kwa zaidi ya nusu ya thamani yake katika mfano wetu. Na kwenye geji ya milimita 10, digrii moja ni ncha kusogea milimita 0.17, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona kwa urahisi bila lenzi. Zungushia shafti ukanda wa karatasi ngumu ulionyooka hadi ukingo wake ukutane na wenyewe bila kupishana, hapo una mstari wa kweli wa kukatisha. Piga mstari kwa penseli. Usikwaruze kwa chuma, kwani mkwaruzo kwenye shafti ni mwanzo wa ufa. Kisha linganisha alama za geji na mstari ukitazama kwa lenzi, kabla gundi haijashika. Na bado weka daraja la pili la msokoto kando yake, ili uone kama msukumo unafuata msokoto kwa namna isiyo ya kawaida.

Mahali pa kubandika pawe mbali na flanji (kola ya kuungia shafti), angalau kipenyo kimoja cha shafti. Toa rangi, piga msasa namba 320 au 400, futa kwa asetoni ukibadilisha kitambaa hadi kitoke cheupe. Baada ya kulehemu nyaya, pima ukinzani kati ya geji na shafti. Ukiwa chini ya megaomu 100, ing'oe uanze upya. Funika kwa silikoni, maana mvuke wa mafuta wa chumba cha injini utaingia.

Kipenyo kipime mwenyewe, usitegemee mchoro peke yake. Kosa la asilimia 1 hapo ni asilimia 2 kwenye msukumo. Kujaribu daraja, unganisha kikinzani cha megaomu 3 sambamba na geji moja ya omu 350. Usomaji uruke karibu sawa na msukumo kamili wa mfano huu.

Sifuri, yaani usomaji wa daraja pasipo msukumo, isichukuliwe kwa kusimamisha injini tu. Msuguano wa beringi huiacha shafti ikiwa bado imefinywa. Meli ikiwa imetulia, izungushe shafti polepole kwa mota ya kuzungushia, mizunguko kadhaa mbele na idadi ileile nyuma, uchukue wastani. Andika pia kina cha maji juu ya shafti: mita 5 za maji ya bahari huisukuma shafti hii ndani kwa kilonyutoni 6 hivi, na shehena ikibadilika, nguvu hiyo nayo hubadilika. Safari ikiisha, rudia sifuri kabla shafti haijapoa. Ikiwa imehama, isambaze tofauti hiyo katika muda wote wa safari au uitupe safari hiyo, kutegemea ukubwa wake.