Futi 19 au futi 11? Boti ya kuvulia peke yako Mtera

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu, naishi Ihumwa hapa Dodoma. Kwa miaka kadhaa nimevua kwa mshipi ukingoni mwa Bwawa la Hombolo, sasa natamani kuwa na chombo changu niwe nakwenda Bwawa la Mtera Jumamosi mbili kwa mwezi. Nitakuwa peke yangu, kwa sababu rafiki niliyekuwa navua naye kahamia Singida. Nimeonyeshwa vyombo viwili: boti ya faiba ya futi 19 iliyokwisha tumika, na mtumbwi wa mbao wa futi 11, mwembamba. Bei zinakaribiana. Kila ninayemuuliza ananiambia chukua kubwa, kubwa haizami. Niwasikilize?
Msomaji, Ihumwa

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiwasikilize. Hiyo ya futi 19 iache, na huo mtumbwi nao uache. Tafuta boti ya futi 13 au 14, na upana wake katikati usipungue futi nne na nusu.

Wanaosema kubwa haizami wanawaza boti yenye watu watatu: mmoja kwenye mashine, mmoja mbele, mmoja anafua maji yanayoingia ndani. Wewe utakuwa mmoja. Niliwahi kuwa na chombo cha mbao cha futi 18, upande wa Migoli. Siku moja ya mwezi wa tisa nilitoka nacho peke yangu alfajiri, maji yametulia kama mafuta kwenye sufuria. Kufika saa saba mchana upepo ukaamka, na mashine ikazima. Nikashika kafi. Nikipiga kulia, omo, yaani mbele ya chombo, inakwenda kushoto. Nikihamia kushoto, upepo umeshaigeuza tena. Futi 18 za ubavu ni ukuta, upepo unausukuma unavyotaka. Ulinipeleka moja kwa moja kwenye visiki, ile miti iliyokufa imesimama majini tangu bwawa lilipojazwa. Nilikumbatia mti mmoja mkavu, mweupe kwa kinyesi cha mnandi, kamba nimeizungusha mara mbili, nikakaa hapo nikisikia mbao zinasaga gogo mpaka jua linazama. Kufika mwaloni, pale vyombo vinapoegeshwa, walihitajika vijana wanne kunisaidia kukivuta nchi kavu.

Hilo la kuvuta ndilo watu wa mjini wanalisahau. Mtera ni bwawa la umeme. Likijaa, maji hufika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na kiwango cha chini cha kuendeshea mitambo ni mita 690. Ardhi ya kule imelala, kwa hiyo maji yakishuka hata mita mbili tu, pale ulipoacha boti Juni, Novemba patakuwa tope na nyasi, na maji yapo mbali. Boti usiyoweza kuisogeza mwenyewe juu ya magogo mawili ya kuviringisha siyo yako, ni ya vijana wa mwaloni, na kila Jumamosi utawalipa.

Na mtumbwi wa futi 11 je? Kwa Hombolo asubuhi, unatosha. Kwa Mtera, siku kambare mkubwa atakapokula ndoana utainuka bila kufikiri, na chombo chembamba hakisamehe kuinuka. Ndiyo maana nimetaja upana. Urefu unakupa mwendo. Upana ndio unaokuacha usimame.

Mashine ya farasi nne au tano inatosha boti ya futi 14, na uzito wake ni kilo 25 hivi, unaibeba begani. Lakini angalia: ukikaa nyuma na mashine na dumu la petroli, omo inainuka juu na upepo unaipata. Weka nanga na dumu la maji la lita 20 mbele kabisa. Kisha refusha mkono wa mashine kwa kipande cha bomba la plastiki, ukae karibu na katikati. Na nanga ifungwe omo, siku zote. Ukiifunga nyuma, wimbi litaingia kwenye tezi, yaani nyuma ya boti, na tezi tayari imebeba mashine.

Kuhusu faiba au mbao, kwako wewe unayekwenda mara mbili kwa mwezi nasema faiba. Mbao ikikaa wiki tatu kwenye jua letu la Dodoma inakauka, kalafati, ile pamba ya kuzibia nafasi za mbao, inaachia, na siku ya kuishusha inavuja kama kikapu. Ila faiba ya zamani igonge kote kwa kifundo cha kidole, hasa chini na pale mashine inapokaa. Nzima inalia kavu. Iliyooza ndani sauti yake inazama. Visiki vya Mtera vitapata hapo penye uoza kabla yako.

Sasa hili nakuomba kama mwanangu. Ile kamba ya kuzimia mashine ifunge mkononi kabla hujaiwasha. Mtu akianguka peke yake na mashine inaendelea, boti inaondoka, na bwawa lile lina mamba. Jaketi okozi livaliwe, lisikaliwe kama mto. Na nyuma ya boti funga kamba yenye kitanzi kinachozama futi mbili, uwe na pa kuweka mguu wa kupandia. Kijaribu Hombolo, ukiwa na mtu ukingoni, nguo zikiwa mwilini. Ukishindwa kupanda, ubavu wa boti ni mrefu kwako.

Kabla ya yote pitia ofisi ya uvuvi ya halmashauri usajili chombo na kukata leseni yako, hata kama unavua kwa mshipi tu. Halafu jitambulishe kwa viongozi wa BMU, kikundi cha wenyeji kinachosimamia uvuvi kwenye mwalo, pale utakapoanzia, uwaambie unaelekea wapi na utarudi saa ngapi. Mimi ningeondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, viboko wakiwa wameshaacha majani ya ukingoni, na saa tano boti iwe juu ya magogo.