Weka kitambaa chini kwanza

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya maonyesho ya picha, najua mna hamu ya kuzungumzia fremu, taa na rangi ya ukuta. Tutafika huko. Kwanza wekeni chini kitambaa cha kufutia.

Kwa mafundi wa studio zetu, kusafisha picha ni kuitoa kwenye mkanda mpaka sura zionekane. Kwetu kwenye makumbusho, kusafisha kunaweza kufuta. Nilipokuwa mgeni wa kazi hii, familia moja ya Kariakoo ilituazima picha ya harusi, nyeusi na nyeupe, kona moja imeliwa na mende. Nyuma ilikuwa na vumbi na mistari hafifu ya wino ambayo mimi niliiona uchafu. Nikapitisha pamba yenye maji. Bibi mwenye picha alipokuja kuikagua, aliigeuza nyuma kabla hata ya kutazama mbele. Alikuwa akitafuta mwandiko wa marehemu mumewe. Nikamwomba radhi, akaitikia "haya, mwanangu", akakaa kimya mpaka alipoondoka.

Tangu siku hiyo, kitu kikipokewa tu, nakipiga picha mbele na nyuma, pamoja na bahasha iliyokileta. Muhuri wa studio, tarehe, namba, jina la utani, vyote vinaingia daftarini kabla brashi haijagusa kitu. Muhuri ni ushahidi. Ukikuta wa mpiga picha C. Vincenti, upo Dar es Salaam ya Wajerumani. Ukikuta wa Capital Art Studio, upo Zanzibar, na nakala hiyo haiwezi kuwa imetoka huko kabla ya 1930, mwaka ambao Ranchhod Oza alifungua studio hiyo. Wewe ukitaka kuandika namba yako nyuma ya picha, tumia penseli laini, pembeni kabisa, picha ikiwa imelala juu ya meza ngumu. Kalamu ya wino usiisogeze.

Unyevu ndio utakaowasumbua zaidi hapa mjini, hasa masika. Nyumba nyingi za Dar zina picha iliyoganda kwenye kioo cha fremu yake. Sababu ni kwamba picha hizi zimepakwa tabaka la jelatini, na jelatini ikipata unyevu hulainika, kisha ikikauka hushikamana na kioo. Mkiletewa picha ya namna hiyo, msiibandue. Msiiloweke kwa sababu fulani kasema inafanya kazi. Ipigeni picha ikiwa ndani ya kioo chake, mwanga ukitokea ubavuni, kisha muiache kama ilivyo mpaka mpate mtaalamu wa uhifadhi. Na ninyi mnapotengeneza fremu, wekeni kadi nene yenye dirisha kati ya picha na kioo ili visigusane.

Negativu, yaani vipande vya mkanda uliokwisha kusafishwa, zinuseni. Zikitoa harufu ya siki, plastiki yake imeanza kuoza, na mvuke huo huharibu jirani zake, basi zitengeni siku hiyo hiyo. Taa nitazipita haraka: picha za zamani hazitaki mwanga unaozidi lux 50 hivi (lux ni kipimo cha mwanga), na jua la dirishani halitakiwi kabisa.

Sasa kamera. Usifungue mgongo wa kamera kuukuu uliyoletewa. Kama ni ya mkanda wa milimita 35, zungusha taratibu kile kishikio cha kurudishia mkanda. Kikikaza, ndani kuna mkanda, na huenda una picha ambazo hakuna aliyewahi kuziona. Kisha chukua tochi ndogo, angaza kupitia lenzi. Nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ni kuvu. Kamera hiyo ikae mbali na zenzake, na isirudi kwenye mfuko wake wa ngozi, maana ngozi hutunza unyevu na kuvu huipenda. Boksi lenye kifuniko cha kubana na vifuko vya silika jeli vya kunyonya unyevu linatosha. Shata, kile kilango kinachofunguka kuingiza mwanga, ikikwama, msiilazimishe. Mara nyingi ni grisi ya zamani iliyoganda, na fundi anaweza kuiokoa.

Kamera ndani ya kabati la kioo haielezi chochote kama imekaa na jina lake tu. Iwekeni karibu na picha ya ukubwa unaotoka kwenye mkanda wake. Kwenye maonyesho moja tulikuwa na Rolleiflex, ile ya lenzi mbili. Nikaandika kwamba mkanda wake, wa aina iitwayo 120, ulitoa picha 12 tu. Vijana wakasoma, wakarudi kwenye picha za studio ukutani na kuanza kuulizana kwa nini watu wamesimama wima hivi.

Siku hiyo aliingia mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi studio. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku macho yako kwenye kabati. Nikaitoa ile Rolleiflex na kumkabidhi. Hakuipandisha jichoni. Aliishusha mpaka usawa wa kitovu, akafungua kifuniko cha juu, akainamisha kichwa na kutazama chini kwenye kioo, kisha akasogea kushoto ilhali mimi nilitarajia aende kulia. Kwenye kioo kile kulia na kushoto hubadilishana, na mwili wake ulikuwa bado unakumbuka. Watoto wa shule wakamzunguka. Akawapanga, wafupi mbele, akawaambia wasipepese macho.

Ndiyo maana siku ya ufunguzi nataka mmoja wenu akae ukumbini na daftari, asihudumie soda wala viti. Wageni wanawajua watu waliomo pichani kuliko sisi. Ile picha ya harusi tuliitundika na maelezo mafupi, bila majina. Siku ya tatu mama mmoja aliweka kidole karibu na kioo, kwa msichana aliyesimama nyuma ya bibi harusi, akasema huyo ni shangazi yake. Akatutajia na wengine wanne. Kesho yake asubuhi tulichapisha lebo mpya, nikampelekea nakala yule bibi nyumbani kwake Kariakoo.