Maswali ya Wasomaji: Mpeni Calpurnia Kazi, si Hotuba

SWALI: Ndugu wahariri, kikundi chetu kimeandika upya Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare, kwa upande wa Calpurnia, mke wa Kaizari. Anaanza kwa kueleza haki za wanawake, dakika nane hivi, na watu wanachezea simu. Tukate nini? Na je, tunaweza kumfanya mke wa tajiri wa mitumbwi hapa soko la samaki la Mwaloni? – Wasanii, Kirumba, Mwanza.

JIBU: Hotuba yote itoke. Mada haina ubaya, ila hapo Calpurnia hahitaji kitu kwa mtu wala hakuna anayemzuia. Rudini tendo la pili. Katika onesho la pili ameota sanamu ya mumewe ikitoka damu, Warumi wakinawa humo huku wakicheka. Kaizari akakubali kubaki nyumbani. Akaja Decius, mmoja wa waliopanga kumuua Kaizari, akaigeuza ndoto kuwa ya heri, mume akaondoka, na Calpurnia hatumsikii tena hadi mwisho. Asubuhi hiyohiyo, onesho la nne, Portia, mke wa Brutus aliyemo kwenye njama hiyo, anamhimiza mtumishi akimbie Seneti, baraza la Roma, bila kumwambia akafanye nini. Siri ya mumewe inamchoma.

Shakespeare hakuwapa hata neno moja la kuambiana. Wazungumzisheni nyinyi. Portia akisema, mumewe kaisha. Akinyamaza, anakufa mume wa mwenzake. Calpurnia aje na ombi dogo tu: amwazime yule mtumishi apeleke ujumbe Seneti. Portia atafute kila kisingizio. Mtu asizidishe mistari mitatu kwa zamu, na neno "haki" lisitajwe kabisa. Tena msimwokoe Kaizari! Akipona, kule kupuuzwa kwa mkewe kunakuwa hakukumgharimu mtu kitu.

Mwaloni panafaa, ila utajiri peke yake hautoshi, maana Kaizari anauawa kwa kuhofiwa kuwa atajifanya mfalme. Awe mwenyekiti wa ushirika wa wavuvi anayetaka kiti cha maisha. Wanawake wakutane kwenye kuanika dagaa. Portia akiwageuza dagaa walewale aliowageuza sasa hivi, mtazamaji ameshaelewa.

Tafsiri ya Mwalimu Nyerere msiinakili bila kibali. Maneno ya Shakespeare mwenyewe ni huru, yatafsirini upya.

Mkiigiza ufukweni mchana, waigizaji wayape maji mgongo, upepo wa ziwa uwapelekee watazamaji sauti. Ufukwe ukielekea magharibi, malizeni kabla ya saa kumi, la sivyo jua litawapiga watazamaji machoni.