Maswali ya Walimu: Projekta, Vishikwambi na Alama Zilizochanganyika

Shule imetuletea projekta. Mara nyingi nikiiwasha ukuta unakuwa wa buluu tupu. Siku ikikubali, wanafunzi wa nyuma wanasema hawasomi kitu. Darasa lina urefu wa mita 9. Nimeanza kurudi kwenye chaki. (Mwalimu wa jiografia)

Mwalimu, hayo ni matatizo mawili tofauti, na hakuna hata moja linalohitaji fundi.

Ukuta wa buluu maana yake projekta ni nzima ila haipokei picha. Anza kwenye projekta yenyewe: bonyeza kitufe cha Source au Input mpaka ifikie tundu ulilochomeka waya. HDMI 1 na HDMI 2 ni matundu mawili, na waya ukiwa kwenye moja huku projekta inasikiliza jingine utakesha. Kisha nenda kwenye kompyuta. Kwenye Windows, bonyeza kwa pamoja kitufe chenye alama ya Windows na herufi P, halafu chagua Duplicate, ili ukutani paonekane kile unachokiona wewe. Ukichagua Extend, ukutani utaona mandhari tupu na utadhani mambo yamekwama. Waya uwe wa mwisho kushukiwa: jaribu mwingine kabla ya kulaumu mashine.

Lipo kosa moja la manunuzi linalojirudia. Kompyuta ina tundu la HDMI, projekta ina VGA pekee, basi unanunuliwa waya wenye vichwa viwili tofauti. Hautafanya kazi. HDMI hupeleka picha kwa dijitali, VGA kwa analogi, kwa hiyo kinatakiwa kigeuzi chenye saketi ndani yake, tena cha kutoka HDMI kwenda VGA. Cha kinyume chake hufanana nacho sana, ndiyo maana watu hurudi nacho kutoka dukani. VGA pia haibebi sauti: spika uzichomeke kwenye kompyuta au kwenye kigeuzi kama kina tundu lake.

Sasa wanafunzi wa nyuma. Kwa maandishi, mwanafunzi wa mwisho asikae mbali kuliko mara 6 ya kimo cha picha. Darasa la mita 9 linahitaji picha yenye kimo cha mita 1.5. Wengi wakisikia hivyo husogeza projekta nyuma ili picha ikue, na kweli inakua, ila inafifia: upana ukiongezeka maradufu, mwanga uleule unasambaa kwenye eneo mara 4, hivyo kila sehemu inabaki na robo. Kwa hiyo pigania giza kabla ya ukubwa. Zima taa za mbele, ziba madirisha yaliyo karibu na picha, na usichague ukuta unaotazamana na dirisha. Weusi wa projekta hauwezi kuzidi weusi wa ukuta wenyewe. Ukuta ukimulikwa na jua, picha zote hugeuka kijivu, na maandishi meupe juu ya rangi nyeusi ndiyo hutangulia kupotea. Andika nyeusi juu ya nyeupe.

Kisha fonti. Kwenye slaidi za kawaida, fonti ya 18 katika picha ya mita 1.5 huzipa herufi kama a na e kimo cha sentimita 2.5 hivi. Kwa aliye mita 9 nyuma, hizo ni chungu wanaotembea. Fonti ya 28 inakupa karibu sentimita 4, na hapo ndipo pa kuanzia, wala si pa kufikia. Ukiona maneno hayaenei, tatizo ni maneno. Mistari 8 kwa slaidi inatosha. Ramani na michoro ndiyo kazi halisi ya projekta katika jiografia, na maelezo yabaki kinywani mwako na ubaoni.

Projekta yenye taa ya kawaida usiichomoe ghafla. Izime kwa kitufe, subiri feni inyamaze, ndipo uchomoe. Taa iliyokatiwa ubaridi ikiwa bado na moto huishi muda mfupi. Na kama picha imepinda, inua au teremsha projekta mpaka inyooke; kuinyoosha kwa menyu kunaibana picha na herufi zinapoteza ukali.

Tuna vishikwambi 12 na wanafunzi 45. Hatuna intaneti ya kutegemewa. Vipindi viwili nilivyojaribu viliishia kwenye vurugu. (Mwalimu wa sayansi)

Usigawe 12. Gawa 11 na kimoja kiwe cha akiba, kwa sababu kila kipindi kuna kimoja kitakachogoma. Hapo unapata makundi 10 ya watu 4 na moja la watu 5. Kila kundi liwe na mshika kifaa, msomaji wa maelekezo na mwandishi anayejaza majibu *kwenye daftari*, na nafasi hizo zizunguke kila baada ya dakika 7. Bila mzunguko, yuleyule mwenye kompyuta nyumbani ndiye atakayeshika kifaa mwaka mzima. Katika kipindi cha dakika 40, usitegemee zaidi ya dakika 25 za kazi yenyewe. Kugawa, kufungua na kukusanya hula zilizobaki. Maelekezo toa kabla vifaa havijafika mezani. Baada ya hapo unazungumza na visogo.

Kuhusu intaneti, acha kuitegemea darasani. Ipo programu ya bure iitwayo Kolibri, ya shirika la Learning Equality. Unaiweka kwenye kompyuta moja, unapakua masomo mara moja mahali penye mtandao mzuri, kisha vishikwambi vinayasoma kutoka kwenye kompyuta hiyo kupitia ruta ya waifai isiyo na bando hata kidogo. Kwenye kivinjari cha kishikwambi unaandika anwani ya kompyuta, nukta mbili na 8080, mfano 192.168.0.5:8080. Kabla ya kupakua, angalia nafasi ya diski: video ndizo zinazojaza, maandishi na mazoezi ni mepesi.

Yakikataa, chanzo huwa ni kimojawapo kati ya hivi. Windows imeutambua mtandao wenu kuwa wa umma na ngome yake (firewall) inazuia vifaa vingine. Badilisha uwe mtandao wa binafsi. Au ruta imewekewa utengano wa wateja (client isolation), jambo la kawaida kwenye mitandao ya wageni: vishikwambi vinaiona ruta lakini haviioni kompyuta. Au anwani ya kompyuta imebadilika baada ya ruta kuzimwa na kuwashwa. Ingia kwenye mipangilio ya ruta uiwekee kompyuta anwani ya kudumu. Na mtandaopepe wa simu (hotspot) usiufanye mbadala wa ruta. Simu nyingi zina kikomo cha vifaa, mara nyingi karibu 10, na kompyuta nayo huchukua nafasi moja, hivyo makundi ya mwisho yataachwa nje na hutajua kwa nini.

Kuchaji hakuli umeme mwingi: vishikwambi 12 kwa wati 10 kila kimoja ni wati 120 tu. Hatari iko kwenye kuunganisha ekstensheni juu ya ekstensheni na kuchajia ndani ya kabati lililofungwa, kwa sababu joto linakosa pa kutokea. Likizo ikianza, vihifadhi vikiwa na chaji ya karibu nusu, si 100 wala 0.

Nilipanga alama za darasa kuanzia ya juu hadi ya chini kwenye Excel. Sasa alama haziendani na majina. Nifanye nini? (Mwalimu wa darasa)

Ulichagua safu ya alama peke yake ukaipanga, majina yakabaki palepale. Excel ilikuuliza kama ipanue uchaguzi (Expand the selection) ili majina yaende pamoja na alama, ukabonyeza haraka. Kama faili bado iko wazi, Ctrl na Z. Kama iko Google Sheets, fungua historia ya matoleo urudi nyuma. Kama ulihifadhi na kufunga kwenye kompyuta isiyo na nakala, rudia kuingiza kutoka kwenye karatasi, usijaribu kukumbuka.

Siku nyingine, weka safu ya kwanza ya namba za usajili, bofya seli moja tu ndani ya jedwali, ndipo upange. Usiache safu tupu kati ya majina na alama, maana Excel huihesabu kama ukuta.

Ukiwa hapo, kagua wastani. Fomula ya AVERAGE huiruka seli tupu lakini huihesabu sifuri: mwenye 60, 70 na seli tupu anapata 65, ukimwekea 0 anapata 43.3. Hayo ni maamuzi ya kitaaluma, shule iyaamue kabla ya kompyuta kuyaamua. Alama iliyojipanga kushoto mwa seli huenda imeingia kama maandishi, pengine kwa herufi O badala ya sifuri, nayo haihesabiwi kabisa.

Insha za wanafunzi wangu zimekuwa nzuri ghafla. Kuna programu ya kugundua kazi ya akili mnemba? (Mwalimu wa lugha)

Zipo, ila usimwadhibu mtoto kwa ushahidi wa programu hizo. Kampuni ya OpenAI, waliotoa programu ya akili mnemba ya ChatGPT mwishoni mwa 2022, walitoa chombo chao cha kugundua Januari 2023 na kukiondoa Julai mwaka huohuo kwa sababu ya usahihi mdogo. Vyombo hivi hukosea pande zote mbili.

Badilisha namna ya kukusanya kazi. Dakika 15 za mwanzo mwanafunzi aandike darasani, kwa mkono, hoja zake na aya ya kwanza. Insha kamili ikirudi, mwite kwa dakika 3: "Kwa nini hoja hii umeitanguliza?" Aliyeandika atabishana nawe; aliyenakili ataisoma upya. Ukiitumia wewe akili mnemba kutunga maswali, jibu kila swali mwenyewe kabla ya kulitoa, na majina ya wanafunzi usiyaingize humo.

Nimebakiza miaka 2 nistaafu. Vijana wananionyesha mara moja kisha wanaondoka, nami nasahau. (Mwalimu wa hisabati)

Shikamoo, Mwalimu. Chagua kitu kimoja tu kwa muhula huu, kile kinachokula muda wako zaidi. Kwa mwalimu wa hisabati huenda ni kuchora grafu, na programu ya GeoGebra huifanya kazi hiyo bure. Anayekufundisha umpe sharti: asiguse kipanya. Akuelekeze kwa mdomo, wewe ubonyeze, uandike kila hatua kwa maneno yako kwenye daftari, kisha urudie peke yako siku hiyohiyo.

Ubao wetu wa kugusa unaandika pembeni ya kalamu, umbali wa kama kiganja kizima. (Mwalimu wa taaluma)

Fungua programu ya ubao, tafuta Calibrate, gusa katikati ya kila alama inayojitokeza. Rudia kila projekta inaposogezwa. Ukigusa pamoja na mkono wa shati kwenye ubao wa miale ya infraredi, mkono nao husomwa kama kalamu, kwa hiyo ukunje.