Kupokea ndege ndefu kwa mazoea ya ndege fupi

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni msimamizi wa zamu kwenye kampuni ndogo ya kuhudumia ndege hapa Mwanza. Miaka yote tumehudumia Dash 8 Q400, ndege ya pangaboi. Sasa mteja wetu anataka kuleta Boeing 737-900ER na ametuomba tumthibitishie kwamba tuko tayari. Bosi anasema uwanja umeshazoea jeti, barabara ya kurukia ni ndefu, jenereta tunayo, trakta tunayo, na kuna mkufunzi aliyeahidi kutupa vyeti kwa mafunzo ya video ya siku mbili. Mimi nina wasiwasi. Na minofu ya sangara je, tuendelee kuipakia nyuma kama tulivyozoea?
Msimamizi wa zamu, Ilemela

JIBU: Marahaba. Swali la samaki umeliweka mwishoni kama nyongeza, mimi naanza nalo, maana ndilo linaloweza kuikalisha ndege mkia chini abiria wakiwa wamepanga foleni wanatazama.

Q400 ina urefu wa mita 32.8. Hiyo 900ER ina mita 42.1, na karibu nusu ya urefu huo uko nyuma ya magurudumu makubwa. Chumba chake cha mizigo cha nyuma ni kikubwa kuliko cha mbele, kwa hiyo kijana aliyezoea kwamba mzigo huenda nyuma ataona amepewa nafasi ya kujivinjari. Lori la baridi limefika mapema, wakala wa samaki anapiga kelele kwamba barafu inayeyuka, abiria bado wako ukumbini, chumba cha mbele kitupu. Maboksi yanaanza kuingia nyuma, moja baada ya jingine. Ukitaka kujua kinachotokea, usiangalie mkia. Nenda kasimame pembeni ya mguu wa mbele, utazame ile sehemu ya chuma inayong'aa kama kioo juu ya magurudumu. Ikizidi kuchomoza, pua inakuwa nyepesi. Simamisha kazi hapo hapo, usingoje kuuliza mtu.

Si hadithi ya kutishana. Septemba 2021, kwenye uwanja wa Lewiston, jimbo la Idaho, Marekani, 737-900ER ilinyanyua pua ikakalia mkia wakati wa kushusha mizigo. Abiria wa mbele huwa wa kwanza kushuka, wa nyuma wanabaki wamejaa, mzigo wa nyuma haujaguswa, basi uzito wote unarudi upande mmoja.

Utaratibu wake ni mfupi: kushusha anza nyuma, kupakia anza mbele. Mwulize mteja kama kitabu chake cha taratibu za kuhudumia ndege kinataka nguzo ya mkia, ile inayosimamishwa chini ya mkia ili usikae chini, na kama kinataka, nani ataileta. Samaki wabaki kwenye lori lao mpaka afisa wa mizania, yule anayepiga hesabu ya uzito na mahali pa kuuweka, atoe karatasi ya maelekezo ya upakiaji, na kinachoandikwa pale ndicho kinachofanyika. Kama karatasi inasema boksi 40 mbele na 20 nyuma, hakuna kuzigeuza kwa sababu mlango wa nyuma uko karibu na lori. Boksi linalovuja lirudi lilikotoka. Maji ya samaki yakipenya chini ya sakafu ya chumba cha mizigo yanakula chuma taratibu, na mteja atakuja kuwadai ninyi wakati mmeshasahau. Akitumia barafu kavu, hiyo inahesabika kama bidhaa hatari: inatamkwa kwenye nyaraka na rubani anajulishwa.

Sasa hoja za bosi wako.

Kuhusu barabara ya kurukia hajakosea, ila anajibu swali ambalo hamjaulizwa. Mwanza si ngeni kwa jeti. Iliyo ngeni ni kampuni yenu. Barabara ni hesabu ya marubani na mamlaka ya uwanja. Hata upana wa mabawa hauwapi shida kubwa, kwa kuwa 900ER iko chini kidogo ya mita 36, kundi lile lile la C, kwa upana wa mabawa, ambalo Q400 imo. Hapo ndipo wengi hudanganyika, wakadhani kundi likiwa moja basi kila kitu ni kimoja. Chukua zimamoto. Kundi lao hupangwa kwa urefu na unene wa kiwiliwili, mabawa hayahesabiwi. Q400 inaangukia kundi la 6, 900ER inaingia la 7. Makundi yote mawili yanataka magari mawili, kwa hiyo anayehesabu magari ataona hakuna kilichobadilika. Maji ndiyo yanabadilika: kwa povu la kuzimia moto la daraja B, lita 7,900 zinakuwa 12,100. Kuna nafuu inayoruhusu kushuka kundi moja pale ambapo safari za ndege kubwa ni chache, lakini anayeitumia ni mwenye uwanja, kwa maandishi. Bosi hawezi kuitoa mfukoni. Ulizeni pia kuhusu boti za uokoaji. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ilipoanguka ziwani pale Bukoba, watu 19 walikufa, na wa kwanza kuifikia walikuwa wavuvi. Nanyi mnafanya kazi ukingoni mwa ziwa hilo hilo.

Jenereta. Nendeni mkasome kibao kilichobandikwa ubavuni mwake kabla hamjaahidi kitu. Mashine nyingi zilizonunuliwa kwa ajili ya ndege za pangaboi hutoa volti 28 za mkondo mnyoofu. 737 haijui umeme huo. Inataka volti 115 za mkondo geu, masafa ya hezi 400, kutoka mashine yenye nguvu ya kVA 90. Plagi yenyewe haitaingia. Bosi atajibu kwamba ndege ina injini yake ndogo ya mkiani inayozalisha umeme. Ni kweli, mpaka siku itakapoharibika, na ndege inaruhusiwa kuruka nayo ikiwa mbovu. Siku hiyo rubani atafika kwenye maegesho na kuacha injini moja kubwa ikiwaka akisubiri umeme wenu. Tarehe 31 Desemba 2022 huko Montgomery, Alabama, mazingira yalikuwa hayo hayo: injini ndogo mbovu, injini moja kubwa bado inazunguka, na mfanyakazi wa chini akasogea. Injini ikamvuta. Kwenye 737 mdomo wa injini uko usawa wa kifua cha kijana wako. Kwa Q400 mmefundishwa kuogopa panga kwa sababu linaonekana na lina kelele. Mvuto wa injini ya jeti hauonekani. Taa nyekundu ya tumboni ikiwa bado inawaka, hakuna anayekaribia, hata kama ana haraka ya kuweka vigingi vya matairi.

Na injini ndogo ikiwa mbovu, mtahitaji pia mashine ya hewa ya kuwashia injini kubwa. Hiyo hukuitaja kabisa, nami najua kwa nini: Q400 haijawahi kuwadai.

Ngazi vilevile. Q400 inakuja na yake, imebandikwa mlangoni. Vijana wako hawajawahi kusogeza ngazi kwenye mlango ulio zaidi ya mita mbili na nusu juu, huku upepo wa ziwani wa alasiri ukiisukuma kutoka ubavuni. Jeki za ngazi zishushwe kabla mtu hajakanyaga. Halafu kumbuka kwamba ndege huinuka kadiri abiria na mizigo inavyotoka, na hushuka inapojazwa. Mwenye kubana ngazi chini kabisa ya mlango uliofunguliwa, wakati ndege ni nyepesi, atakuta mlango umekalia ngazi ndege ikishajaa. Acha nafasi, na mtu aiangalie muda wote.

Trakta mnayo, sawa. Chuma cha kusukumia je, kile kinachounganisha trakta na mguu wa mbele wa ndege? Kila aina ya ndege ina kichwa chake, na ndani yake mna pini laini zilizotengenezwa kwa makusudi zikatike zinapozidiwa, ili kikatike kichuma cha bei ndogo badala ya mguu wa ndege. Kwenye kiwanja kimoja, sitakitaja, nilikuta kichwa kimechomelewa gereji na pini imebadilishwa kwa kipande cha nondo. Nikamwuliza fundi kwa nini. Akasema zile za mwanzo zilikuwa zinakatika katika. Alijivunia! Zilikuwa zinakatika kwa sababu dereva alikuwa anapinda kuvuka mistari myekundu iliyochorwa kwenye milango ya gurudumu la mbele, na pini zilikuwa zinamsemea. Nondo ikanyamaza. Tena kabla ya kusukuma 737 kuna pini nyingine, ya kufunga usukani wa gurudumu la mbele. Isipowekwa, chuma kinaweza kujipindua na kumpiga mtu miguu.

Nimefika kwa huyo mkufunzi wenu wa siku mbili, na hapa nisamehe, nitasema kwa ukali. Watu wa namna hii wamejaa. Wanakusanya picha za video za viwanja vya Ulaya, wanawatumia vijana kwenye simu, wanapiga mhuri, wanachukua hela na kupanda gari la kurudi. Cheti kina jina la ndege ambayo aliyekitoa hajawahi kuigusa. Ukimwuliza mwanafunzi wake pini ya usukani inakaa wapi, anakuonyesha picha. Mafunzo ya nadharia kwa video siyapingi, yana mahali pake. Ninachopinga ni kuyaita sifa ya kufanya kazi. Sifa hiyo inapatikana mtu akishafanya kazi kwenye ndege ya aina hiyo chini ya macho ya mwenye idhini, kwa kitabu cha shirika husika, na anayemsimamia akaweka sahihi akijua kwamba ndiye atakayeulizwa.

Video haifundishi pia jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote, nalo ni kuripoti. Kijana akigonga ndege kwa mashine ya mkanda ya kupakia mizigo, hata mkwaruzo, anaogopa kufukuzwa, anapitisha kiganja kufuta vumbi na kunyamaza. Kwenye alumini ya 737 angalau fundi anaweza kuliona bonde. Siku mtakapopokea ndege kama 787, ambayo kiwiliwili chake ni nyuzi za kaboni, ganda la nje linaweza kuonekana zima huku tabaka za ndani zimeachana. Kampuni inayomfukuza aliyeripoti inawafundisha wengine kuficha, na hilo halina cheti kinachoweza kulitibu. Ningekuwa mteja, ningeuliza kwanza ripoti ngapi za kugonga mmeandika mwaka huu. Mkiniambia hakuna hata moja, singewapa ndege yangu.

Kwa hiyo usimshawishi bosi kwa maneno. Mwandikie mteja mwombe sehemu ya kitabu chake inayohusu 900ER, orodha ya vifaa anavyodai viwepo, na jina la mtu wake atakayesimamia mafunzo ya vitendo. Mwombe ndege ije tupu siku moja kabla ya safari za abiria, ikae hata saa chache, vijana wafungue milango ya mizigo, wasogeze ngazi, wachomeke umeme, wasukume na kurudisha, mchana na giza likishaingia. Akisema ndege haiwezi kukaa bure, basi wapeleke wasimamizi wako kwenye uwanja wenye timu inayoihudumia ndege hiyo, wakafanye nayo zamu kamili, warudi na sahihi za waliowasimamia. Gharama ya nauli na posho zao iweke kwenye barua hiyo hiyo, upande wa pili uandike bei ya jenereta ya kVA 90 na ya mashine ya hewa, umpe bosi asaini kwamba ameiona.