ESP32 inaganda kwa tangi la maziwa: FreeRTOS, Zephyr ama RIOT? (jibu refu, chukua chai)

Ndugu yangu wa Mbale, swali lako nimelisoma mara mbili. Una ESP32 (chipu ndogo yenye WiFi), sensa ya joto ndani ya tangi la maziwa, modemu ya SIM800L ya kutuma SMS, yote umeandika kwa Arduino ndani ya loop() moja (kazi zote zinazunguka zikifuatana), kila siku mbili tatu inaganda mpaka mtu aende achomoe waya, na rafiki zako wanakwambia tupa yote uhamie Zephyr, mfumo mwingine wa kuendesha chipu. Mimi nasema ngoja kwanza. Hiyo njia nimeipita, viatu vikaisha.

Kitu ambacho wengi hawajui ni kwamba wewe tayari uko ndani ya FreeRTOS, mfumo mdogo unaogawa muda wa chipu kwa kazi nyingi. Ukiandika Arduino kwa ESP32, ile loop() yako ni taski moja ya FreeRTOS (kazi inayojiendesha peke yake), inaitwa loopTask, imepewa kipaumbele 1 na steki (memori yake ya kazi) ya baiti 8192, pembeni yake kuna taski zingine za WiFi na mambo mengine zinaendelea na kazi zao. Yaani umepewa nyumba ya vyumba kumi halafu wewe unalala, unapika na kufuga kuku kwa chumba kimoja!

Mimi nilianza hivyo hivyo. Niliweka kidude kwa kituo cha kukusanyia maziwa huko upande wa Lyantonde, kazi yake ndogo tu, joto likipanda juu ya digrii 4 na kuendelea kupanda, pigia king'ora na tuma SMS kwa mzee anayesimamia, na namba zipande mtandaoni. Wiki tatu safi. Halafu asubuhi moja simu inalia, mimi "Agandi mzee," yeye "Ni marungi, lakini kijana, kidude chako kimelala na maziwa yamelala nacho." Usiku umeme ulikatika, mtandao ukawa dhaifu, programu yangu ikaenda kuunganisha data na kukaa pale ikingoja modemu ijibu, manake ile amri ya kufungua muunganisho inaweza kungoja zaidi ya dakika moja kabla haijakata tamaa, na mimi nilikuwa naijaribu tena na tena bila kikomo. Muda wote huo hakuna anayesoma sensa, hakuna anayepiga king'ora. King'ora chenyewe kilikuwa futi mbili kutoka kwa bodi, hakihitaji mtandao wowote! Maziwa nililipa nusu, mzee akanihurumia nusu.

Basi nikagawa kazi. Taski ya sensa inaamka kila sekunde 10 kwa vTaskDelayUntil (si vTaskDelay, hiyo inachelewa kidogo kidogo kila raundi mpaka ratiba inahama), na DS18B20 (sensa yenyewe ya joto) kwa biti 12 inachukua mpaka milisekunde 750 kupima, kwa hiyo unaiamuru ipime, unalala, unarudi kusoma, usikae unaikodolea macho. Taski ya king'ora iko na kipaumbele cha juu kabisa. Taski ya modemu iko chini, ikikwama ikwame peke yake. Kati yao ni foleni, sensa inaweka namba kwa foleni na kuondoka, modemu ikipata nafasi inachukua. Na wochidogi (mbwa mlinzi, saa inayoriseti bodi isipolishwa kwa wakati) nailisha tu kama taski zote tatu zimetoa ripoti ziko hai, manake nimeona watu wanailisha kutoka kwa taimaa, hapo hata programu ikifa mbwa anaendelea kushiba.

Sasa makosa yangu mawili yaliyonikosesha usingizi, labda yatakuokoa.

La kwanza, steki. Nilikopi taski kutoka mradi wa zamani wa chipu ya STM32 ambako nilikuwa nimeandika 2048. Kwa FreeRTOS ya kawaida hiyo namba inahesabiwa kwa maneno, na kwa chipu ya biti 32 neno moja ni baiti 4, kwa hiyo nilikuwa na baiti 8192. Lakini FreeRTOS ya Espressif inahesabu kwa baiti! Taski ya kutuma data ikabaki na robo ya ilichozoea, ikifika kwenye TLS (kufunga data kwa siri kabla ya kutuma) tu, bodi inajiriseti. Nilibadilisha modemu, nikabadilisha simkadi, nikagombana na laini, kumbe ni namba moja. Tumia uxTaskGetStackHighWaterMark uone kila taski ilibakiwa na kiasi gani siku mbaya, na washa ile ya kukagua steki ikifurika.

La pili, kufuli, yaani kinachozuia taski mbili kutumia kitu kimoja kwa pamoja. Skrini ndogo na saa vilikuwa kwa njia moja ya nyaya, ya I2C, nikavilinda kwa semafo ya aina ya ndio-hapana badala ya muteksi, nikidhani ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Taski ya chini imeshika kufuli, taski ya kati inaikatiza na kujifanyia kazi zake ndefu, ya juu inangoja kufuli mpaka wochidogi inachoka. Muteksi ya FreeRTOS inampandisha cheo kwa muda yule aliyeshika kufuli ili amalize haraka, semafo haifanyi hivyo. Usione aibu likikupata, 1997 chombo cha NASA cha Mars Pathfinder kilijiriseti huko Mars kwa kosa la ukoo huohuo, kikiwa na mfumo wa VxWorks, wakakitumia rekebisho kutoka duniani. Mimi angalau nilipanda basi tu.

Zephyr? Naitumia, na naipenda, lakini kwa kazi nyingine. Nilipofanya sensa za betri kwa chipu ya nRF52840 na Bluetooth, pale ilinifaa sana, manake draiva ziko, MCUboot ya kuapdeti kwa mbali iko, na ukibadilisha bodi hubadilishi programu yote. Iko chini ya Linux Foundation tangu 2016 na leseni ni Apache 2.0. Ila jiandae: west update (amri ya kushusha kodi ya Zephyr) ya kwanza ilinimezea giga kadhaa za bando, devicetree (faili inayoeleza bodi ina vitu gani) ukikosea nodi moja kompaila inakutukana ukurasa mzima, na vipaumbele vimegeuzwa, kwa FreeRTOS namba kubwa ndiyo bosi, kwa Zephyr namba ndogo ndiyo bosi. Ukihamisha programu bila kukumbuka hilo utalia.

RIOT, mfumo wa tatu, ni nzuri kwa chipu zenye memori kiduchu, pia unaweza kuikimbiza kwa kompyuta ya Linux bila bodi, wanafunzi wasio na hela ya bodi waanzie hapo. Leseni yake ni LGPL 2.1, kama mteja anataka programu ya siri isomeni vizuri kabla. Mfumo wa Mbed usianzie mradi mpya, Arm walitangaza mwisho wake ni Julai 2026. ThreadX, mfumo mwingine wa aina hii, sikuwahi kuiweka kwa kazi ya mteja, Microsoft waliipeleka Eclipse na sasa iko chini ya leseni ya MIT.

Lakini ssebo, kabla ya yote haya, hukutaja umeme wa modemu unatoka wapi. SIM800L ikitafuta mtandao inavuta mpaka ampia 2 kwa ghafla, na inataka volti kati ya 3.4 na 4.4. Kama umeiunganisha kwa pini ya 3.3 ya bodi, hakuna mfumo wowote, wa bure ama wa kulipia, utakaokusaidia. Tupia hapa picha ya nyaya zako na kile bodi inachoandika ikiwaka tena baada ya kuganda, tuanzie hapo.