Maswali ya wasomaji: Historia ya komanda aliyestaafu

Baba yetu alikuwa komanda wa polisi hapa Kipushi, Kongo, hadi alipostaafu. Aliingia kazini wakati wa Zaire. Sasa anasahau haraka, nasi watoto tunataka kuandika historia ya kazi yake. Lakini makaratasi yake yanatuchanganya: moja linasema jandarmeri, lingine inspeksio, lingine komisaria, na hata jina lake si moja. Tuanzie wapi? (Msomaji wa Kipushi)

Dada, anzeni na hayo makaratasi kabla ya masimulizi. Mzee akiambiwa tu "tupe maisha yako", atasimulia visa vitatu au vinne avipendavyo, na miaka ya katikati itapotea. Chukueni daftari, kila kituo alichofanyia kazi kipate ukurasa wake: mahali, kikosi, cheo, mkubwa wake, tarehe ya kufika, tarehe ya kuondoka, na karatasi inayothibitisha. Pasipo na karatasi, andikeni "kwa maneno ya baba". Nafasi zilizobaki tupu ndizo maswali ya kumpelekea. Muulizeni asubuhi akiwa hajachoka, kituo kimoja kwa kikao, mkimwekea mkononi karatasi au picha ya kituo hicho. Mrekodi kwa simu mbili, zilizochajiwa mapema, maana umeme hauulizi ratiba yenu.

Mchanganyiko huo una sababu. Mwaka 1972 polisi iliingizwa ndani ya jandarmeri, kikosi cha kijeshi chenye kazi za polisi, ndiyo maana vyeo vya wakati ule ni vya kijeshi. Mwaka 1997 Zaire ilipoanguka ikaja Polisi ya Taifa. Ngazi ya jimbo iliitwa inspeksio, hadi sheria ya tarehe 11 Agosti 2011 ilipoleta komisaria ya jimbo. Basi "inspeksio" ya kabla ya hapo ni ofisi ya uongozi. Katika polisi ya leo neno hilo ni la chombo cha ukaguzi. Sheria ya tarehe 1 Juni 2013 ikaweka vyeo vya sasa. Hapa familia nyingi huteleza: wanaona "kapiteni" kwenye karatasi ya zamani na "commissaire principal" kwenye ya karibuni, wanaandika kwamba mzee alipandishwa. Hizo ni ngazi zinazolingana. Vilevile "commissaire supérieur adjoint" ndiye raia wanayeendelea kumwita majoro. Nakilini cheo kama kilivyoandikwa kwa Kifaransa, kisha muwekee tarehe.

Kuhusu jina, mwaka 1972 majina ya Kikristo yalikatazwa. Aliyeandikishwa shuleni kama Joseph anaweza kukosa Joseph kwenye makaratasi yote ya Zaire, kisha likarudi. Linganisheni matrikili (namba yake ya kazi) na tarehe ya kuzaliwa kabla ya kuamua kwamba karatasi ni ya mtu mwingine. Na "Shaba" ya makaratasi hayo ni Katanga yetu kwa jina la wakati wa Zaire. Mkikuta "gendarmerie" kwenye karatasi ya babu ya kati ya 1960 na 1963, yaelekea ni ile ya Katanga iliyojitenga. Msiiunganishe na ya baba.

Tunawasihi msiyatie plastiki ya moto. Joto huharibu maandishi, na plastiki ikishashika haitoki. Pigeni picha karibu na dirisha bila taa ya simu, kila upande, pamoja na mihuri ya nyuma, kisha yawekeni ndani ya bahasha kavu.

Wazee wa kwetu wanasema baba, alipokuwa komanda, "alifunga watu miezi sita". Tuandike hivyo? (Msomaji huyohuyo)

Hapana, si kabla ya kuuliza nani alitia sahihi. Katiba ya 2006, kifungu cha 18, inaipa polisi saa 48. Zikiisha, mtu anaachiliwa au anapelekwa mbele ya sheria, kwa kawaida parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka. Hati ya parke ya kumshikilia kwa muda ina siku 5. Baada ya hapo ni jaji: siku 15 kwanza, kisha mwezi mmoja kila anapoongeza. Kwa hiyo aliyekaa miezi katika gereza la Kasapa kwa hati halali hakuwekwa huko na komanda peke yake. Lakini kama mtu alilala kasho (mahabusu) ya komisaria zaidi ya saa 48, hilo ni la komisaria, nanyi msilifiche kwa kuwa ni baba. Muulizeni pia kama yeye mwenyewe alikuwa OPJ, ofisa wa upelelezi. Si kila komanda ni OPJ, na OPJ katika upelelezi hufuata amri ya parke, hata kama nidhamu yake iko kwa komanda.

Majina ya walioshtakiwa, walioshtaki na hasa waliotoa habari kwa siri yasiingie kitabuni. Herufi za kwanza hazitoshi: Kipushi ni mji mdogo, "M., fundi wa baiskeli wa karibu na soko" anajulikana na kila mtu. Ondoeni kazi, mtaa na mwezi pia. Na mkikuta nyumbani PV asili, yaani karatasi rasmi ya maelezo ya kesi, mali hiyo si ya familia. Ipelekeni parke, mkadai karatasi ya kupokea yenye muhuri.